Pomboo Saa Ngapi? Mwongozo wa Kutazama Wanyama wa Bahari Ukianzia Tanga Mjini

Wageni wakinijia, na hata wenyeji wa Tanga waliozeeka wakikitazama kisiwa cha Toten kutoka ufukweni bila kuvuka kwenda, swali lao la kwanza huwa ni moja: pomboo wako wapi? Mimi huwarudisha kwenye swali jingine: saa ngapi? Fungu la mchanga lililojaa ndege saa nne asubuhi, saa kumi jioni lina maji ya kumfika mtu kifuani na hukuti hata unyoya. Hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, linalopitisha mashua alfajiri, ikifika saa tatu ni tope tupu. Mnyama wa bahari hakimbizwi. Unaijua saa yake, unamtangulia, unatulia, naye anakuja.

Utaratibu ninaouandika hapa ndio ninaoufuata mwenyewe, kuanzia usiku wa kutazama mwezi mpaka daftari linapofungwa. Unahusu ghuba ya Tanga na visiwa vyake, yaani Toten, Ulenge, Yambe na Karange, kisha unashuka kusini hadi fungu la Maziwe, mbele ya Pangani.

1. Anza na mwezi

Kabla hujampigia nahodha simu, toka nje utazame juu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu huzidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na mikondo hulegea.

Kanuni ambayo kila mvuvi wa pwani hii anayo kichwani ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, yakajaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kujaa ni saa nne na kupwa ni saa kumi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukijua ya leo, ya keshokutwa unaihesabu kwa vidole. Hayo ni makadirio. Kwa uhakika tumia jedwali la maji, ambalo siku hizi hata simu inalo. Hakikisha tu umechagua bandari ya Tanga, na kwamba saa zilizoandikwa ni za Afrika Mashariki.

Ukishapata saa ya maji, chagua unachokwenda kutazama. Ndege na kaa huonekana vizuri maji yakipwa, kwa hiyo asubuhi za bamvua ndizo zao. Kuingia ndani ya mikoko kwa mtumbwi kunataka maji yanayojaa. Matumbawe nayo yanapendeza zaidi siku za maji mafu, kwa sababu mkondo dhaifu hautibui mchanga na mwogeleaji hapotezwi. Pomboo hawana masharti makali ya maji, lakini wana masharti ya upepo, na huo ndio hatua inayofuata.

2. Sikiliza upepo kabla ya kuahidi watoto

Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndipo kusi linapokuwa na nguvu hasa. Kati yake kuna maleleji, majira ya upepo kutulia, na mimi nikiulizwa mwezi mmoja tu wa mwaka, nitasema Oktoba mwishoni kuingia Novemba, kabla vuli haijachanganya. Bahari hulala kama mkeka, maji huwa maangavu, na ndege wahamiaji wameshafika.

Mtihani uko kwa nyangumi. Wao hutoka bahari baridi za kusini, karibu na Antaktika, huja kuzaa na kupandana kwenye maji yetu ya joto, na hapa huonekana kati ya Julai na Oktoba, msimu uleule wa kusi. Maana yake unawatafuta wakati bahari ina hasira. Dawa yake ni kuondoka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi upepo wa nchi kavu bado unapumua kutoka bara, bahari imetulia, na una muda wa kama saa tatu kabla kusi halijaamka. Mimi saa nne huwa tayari nimeigeuza mashua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ahirisha. Usimsihi nahodha, usimwongezee pesa. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu likizo yao inaisha kesho.

3. Mtafute nahodha anayeuliza maswali

Nenda kwa wavuvi wa Deep Sea au Sahare jioni, wakati vyombo vinarudi, si asubuhi ambapo kila mtu ana haraka. Salimia kwanza, shikamoo yako itangulie shida yako. Halafu uliza swali moja: "Nahodha, kesho maji yanapwa saa ngapi?" Anayekujibu bila kutazama simu, kisha akakuuliza, "Kwani mwanangu unataka kwenda kuona nini?", huyo ndiye. Anayekwambia "wewe njoo tu muda wowote" mshukuru, uendelee kutembea.

Hili nimelipa kwa mwili wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua chombo cha mtu aliyetaja bei ndogo, nikiwa na wageni wawili na mtoto wao wa miaka sita. Ilikuwa bamvua. Tukaingia hori la mikoko upande wa Ulenge saa moja asubuhi, maji yakiwa yameshaanza kutoka, na mimi nililiona hilo nikanyamaza kwa sababu sikutaka kubishana. Saa mbili chombo kililala ubavu kwenye tope. Tulikaa pale hadi saa saba mchana, maji ya kunywa yakiwa lita moja na nusu kwa watu watano, mtoto akilia kwa jua. Tangu siku ile nabeba lita tatu kwa kila kichwa hata kwa safari ya nusu siku, na nikiona maji yanatoka nasema.

Ukishapatana, kagua chombo kabla ya kulipa. Ngalawa na dau vinafaa kwa Toten na ufukweni. Nje ya ghuba chukua boti ya faiba au mashua yenye injini, na kasia au tanga la akiba. Makoti ya kuokolea yahesabike, moja kwa kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto. Uliza leseni na ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Mwachie mtu wa nchi kavu jina la chombo na saa ya kurudi. Visiwa hivi vyote viko chini ya Hifadhi za Bahari, kwa hiyo kuna kiingilio. Lipa kwa kontroli namba, chukua stakabadhi, usimpe mtu fedha mkononi.

Vya kubeba si vingi. Darubini ya kukuza mara 7 au 8 inatosha. Ya mara 12 kwenye chombo kinachoyumba itakuonyesha anga na maji yakipishana tu. Shati la mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya jua, ambayo mengine yanadhuru matumbawe. Viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino. Mfuko usiopitisha maji kwa simu. Mihogo ya kuchemsha, chapati, na machungwa ya Muheza, ambayo hukata kiu na kichefuchefu kwa pamoja. Maganda rudi nayo.

4. Siku ya kwanza iwe ya Toten na mikoko

Toten iko mbele ya mji kabisa, ndani ya ghuba. Ina magofu ya misikiti na makaburi ya wakazi wa zamani, na jina lake ni la Kijerumani, lenye maana ya wafu. Watu wengi hupiga picha magofu wakaondoka. Kaa. Maji yakiwa yanapwa, shuka upande wenye tope na mchanga, tafuta kivuli, keti chini ukiwa na jua mgongoni, usiseme kitu kwa dakika kumi na tano.

Kwanza utaona tope tupu. Kisha litaanza kuchemka. Kaa wadogo watatoka mashimoni, madume yakiwa na gando moja kubwa kuliko kichwa na jingine dogo kama kijiko. Dume hulipunga lile gando kubwa juu na chini, juu na chini, kumwita jike na kumwonya jirani. Unapofikiri umezoea, sululu anashuka. Ni ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, na huo upinde ndio ufunguo wake, unaingia shimoni sawasawa. Nimemtazama mmoja kwa karibu nusu saa: anavuta kaa, anamtikisa mpaka magando yadondoke, anatembea naye hadi kwenye dimbwi, anamsuuza tope, ndipo anammeza. Kama mtu anayeosha embe kabla ya kula.

Sululu huyo pengine alizaliwa kaskazini ya mbali kabisa, huko Urusi ambako kiangazi ni kifupi. Yeye na vitwitwi wa aina nyingi hufika kwetu Agosti na Septemba, hula tope letu mpaka Aprili, kisha huruka kurudi. Ndiyo maana nawaomba watu wasikimbilie kundi la ndege ili lipae wapate picha. Ndege wa Machi anajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila akipaa kwa ajili ya picha yako anayachoma. Kipimo ni rahisi: wakiacha kula na kunyanyua vichwa wote, uko karibu mno. Rudi nyuma hatua kumi.

Mtafute pia yule kitwitwi mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi kama wa kupasulia njugu. Chakula chake ni kaa, na tofauti na wenzake hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, huko Somalia na Ghuba ya Uajemi. Kwetu hupita na kukaa katika makundi, akitembea kwa madaha. Yangeyange, kulastara na mdiria utawaona bila kuwatafuta. Furukombe ni bahati.

Maji yakigeuka kuanza kujaa, ingia mikokoni, Ulenge au horini, kwa mtumbwi na kasia tu. Jifunze kutofautisha miti na matembezi yatabadilika: mkoko wenyewe una mizizi inayosimama kama miguu ya buibui; mchu umezungukwa na vijiti vilivyochomoza topeni kama penseli, ambavyo ni pumzi zake; mlilana husimama mbele kabisa ukiikabili bahari; mkandaa ni wa ndani, mfupi, na gome lake lilikuwa likitumika kutia rangi. Kati ya mizizi hiyo wanalelewa kamba na vifaranga vya samaki watakaouzwa Deep Sea miezi ijayo. Angalia pia wale samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wanaoruka juu ya tope na kupanda mizizi. Mtoto yeyote atawapenda kuliko pomboo.

5. Ukienda kwenye mwamba, elea

Yambe na Karange ziko nje ya ghuba, kusini, na miamba iliyo kando yake ndiyo shule nzuri ya kwanza kwa mtu mwenye miwani ya kuogelea na bomba la kupumulia. Chagua maji mafu, chagua asubuhi, na shuka upande uliokingwa na upepo.

Kanuni kubwa ni kutokukanyaga. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo, na matumbawe mengi ya mviringo hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kisigino kimoja kinavunja umri wa mtoto wa shule. Usipoweza kuelea bila kusimama, vaa koti la kuokolea na uelee nalo, hakuna aibu. Samaki hawakimbii koti.

Ukitulia uso ukiwa majini, utasikia kabla ya kuona. Mlio mkavu kama wa mtu anayetafuna bisi ni pono, anayekwangua mwamba kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, akatoa mchanga nyuma yake. Sehemu ya mchanga mweupe mnaoutandikia mkeka ufukweni imepita tumboni mwa pono. Kitatange huenda wawili wawili. Samaki aitwaye mkunga hufungua na kufunga mdomo pangoni, na watu hudhani anatisha kumbe anapumua. Usitie mkono tu. Chini kwenye nyasi za bahari tazama viti vya pweza, wanyama wenye umbo la nyota, wakubwa kama sahani, wekundu kwa kijivu. Waache majini, kumtoa kwa picha kunamuumiza.

Utakuta pia mahali pa kifusi, vipande vya matumbawe vilivyovunjika kama kokoto za jengo. Hayo ni makovu ya uvuvi wa baruti. Nimekua nikisikia ule mshindo wa asubuhi kutoka baharini, unaotikisa kifua hata ukiwa nchi kavu, na najua nyumba zilizolishwa nao na watu waliopotezwa mikono nao. Kifusi hukaa miaka na miaka kwa sababu tumbawe changa likitua juu yake hugeuzwa na wimbi likafa. Ukiona mahali pameanza kushika tena, matawi madogo ya buluu na kahawia juu ya mwamba mzima, simama hapo zaidi. Vijiji na wilaya za mkoa huu walikaa pamoja tangu 1994 kupanga maeneo ya kupumzisha uvuvi, na mengine yameitikia.

6. Pomboo na nyangumi: injini chini

Aina tatu za pomboo ndizo unazoweza kutarajia. Wapo wa kijivu wenye miili mizito, makundi madogo, karibu na miamba. Wapo wenye nundu mgongoni, wanaopenda maji haba ya ghuba na midomo ya mito. Hawa ni wachache, wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na ukimwona mmoja umebarikiwa. Na wapo wembamba wa nje ya mwamba, wanaoruka wakijizungusha hewani kama pia.

Usitafute mapezi kwanza, tafuta ndege. Buabua wakizunguka na kutumbukia mahali pamoja, chini kuna dagaa, na chini ya dagaa mara nyingi kuna wakubwa. Ukishawaona, fanya hivi. Nahodha apunguze mwendo tangu mbali. Muende sambamba nao, ubavuni, msiwakate mbele wala msiwaandame nyuma. Ikibaki kama mita 50, injini iwekwe gia huru, msubiri. Kwa nyangumi iwe mita 100, zaidi akiwa na mtoto. Wakitaka, watakuja wenyewe. Baada ya dakika 20 au 30 ondokeni polepole, hata kama mnatamani kukaa.

Sababu ni sauti. Majini sauti husafiri kwa kasi ya zaidi ya mara nne ya ile ya hewani, na pomboo hutafuta chakula, njia na mtoto wake kwa masikio. Kwetu injini ni kelele, kwake ni moshi machoni. Niliwahi kuwa abiria katika boti iliyofukuza kundi nje ya Yambe, watu wakishangilia. Mama mmoja na mtoto wake walikuwa wakijitokeza pamoja, ubavu kwa ubavu, pumzi mbili, moja nzito na moja nyepesi. Tulipowasogelea mara ya tatu, pumzi nyepesi ilijitokeza peke yake, upande wa pili wa boti. Ilizunguka mara mbili. Kisha hatukuona tena kitu chochote. Sijui walikutana au la, na nilikuwa nimelipa nauli ya safari ile. Tangu hapo hili la gia huru nalipatana na nahodha nchi kavu, kabla ya pesa.

Pomboo waliolala, kwa maana ya kuogelea taratibu wakijitokeza wote kwa pamoja bila kuruka, waache kabisa. Wakianza kubadili upande ghafla, kuzama muda mrefu, au kupiga maji kwa mikia, wanakufukuza. Kuogelea nao usijaribu.

Nyangumi utamjua kwa mvuke. Tazama upeo wa bahari kwa jicho tupu, si kwa darubini, mpaka uone wingu jeupe linalosimama sekunde mbili na kupotea. Hesabu. Atapuliza mara kadhaa kisha ainue mkia azame, na kuzama huko kunaweza kuchukua dakika kumi au zaidi. Subirini mlipo. Nyangumi aliyekomaa ana urefu wa mita 14 hivi, na akiamua kuruka mzima mzima, mshindo wake hukufikia baada ya kuona, kama mpiga shoka wa mbali.

7. Maziwe na kasa wa Ushongo

Siku hii ianzie Pangani, kama kilomita 50 kusini mwa mji. Ukishavuka mto kwenda Bweni, endelea hadi Ushongo na uchukue chombo huko, kwa sababu Maziwe iko kilomita kama 8 kutoka ufukwe ule. Ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na wakati huo ilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi wa kutaga. Miti ilipotea, na miaka ya mwanzo ya 1980 kisiwa kikawa fungu tupu linalofunikwa maji yakijaa. Wazee wa Pangani bado wanakiita kisiwa.

Kwa hiyo hapa saa ya maji si ya kukisia. Fika fungu likiwa linachomoza, ondoka kabla halijazama, na nahodha asiende kuvua akakuacha. Ndege wa fungu hulala upande mmoja. Wewe shukia upande mwingine. Miamba inayolizunguka ni mizuri, na kwenye nyasi za bahari kuna kasa wanaolisha. Kasa hupumua hewa kama wewe. Ukimwona chini, elea kando, usimzibie njia ya kwenda juu. Atapanda, atatoa kichwa, utasikia "fff" fupi, kisha atashuka tena kwenye nyasi zake.

Bahari ya Tanzania ina aina tano za kasa, lakini wanaotaga kwetu ni wawili, kasa wa kijani na ng'amba. Wa kijani hupanda ufukweni usiku, hasa kati ya Machi na Julai, akachimba kwa mapezi ya nyuma na kutaga mayai mia na zaidi. Siku kama 60 baadaye wanatoka. Kwa kuwa Maziwe inafunikwa na maji, mayai yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo na walinzi wa kijiji, wakaandika tarehe na kuyalinda. Ukifika kati ya Mei na Septemba uliza kama kuna kiota kinachosubiriwa. Watoto wa kasa mara nyingi hutoka jioni, jua likipungua. Simama nyuma ya kiota, usisimame kati yake na bahari. Zima tochi na mwanga wa simu, kwani mtoto wa kasa hufuata penye weupe, na weupe wa asili ni bahari. Usimbebe kumpeleka majini. Ile mita ishirini ya kutambaa ni yake. Mwambie na mtoto wako. Mchango unaotoa hapo kijijini ndio unaomfanya mlinzi alale ufukweni badala ya mtu kufukua mayai.

Ukiwa na siku za ziada endelea kusini hadi Saadani, ambako mbuga inagusa bahari. Mto Wami una viboko na mamba, na kwenye mashamba ya chumvi ndege aina ya heroe huonekana.

Neno kuhusu silikanti

Wengi huja wakiuliza samaki huyu, kwa sababu hifadhi yetu, iliyotangazwa 2009, inaitwa kwa jina lake. Hutamwona, na anayekuahidi kukuonyesha hai anakudanganya. Anaishi kwenye miteremko ya giza, kina cha mita mia na zaidi. Wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dainosari, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanga walianza kunasa mfululizo kwenye majarife ya papa kuanzia 2004, upande wa Kigombe na jirani zake. Mapezi yake yana nyama kama viungo vya miguu, na huzaa watoto hai. Ukielea juu ya ukingo wa mwamba ambapo buluu inageuka kuwa nyeusi, yeye yuko huko chini. Mimi hilo linanitosha.

8. Andika kabla hujaoga

Chumvi ikiwa bado mwilini, fungua daftari: tarehe, saa, hali ya maji, upepo, mahali, mnyama, idadi, alikuwa anafanya nini. Kama hukumtambua, chora. Madaftari yangu ya miaka tofauti yamenionyesha hori gani sululu hurudi kila Septemba, jambo ambalo kichwa changu peke yake kisingelishika.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari: kasa aliyenaswa kwenye wavu, pomboo aliyekwama ufukweni, mshindo wa baruti, au nguva, ambaye sasa ni adimu mno hata mvuvi mzee humsimulia kwa mwaka. Piga simu ofisi ya Hifadhi ya Bahari siku hiyohiyo, utaje mahali na saa. Na ukikuta kasa, hai au amekufa, tazama pezi lake la mbele. Akiwa na kibati chenye namba, soma namba hiyo mara mbili, iandike, piga picha yake, na kibati kiache palepale.